Bei ya Kukodi na Bei ya Kununua: Thamani ya Shamba Iko Wapi?

Kwa miaka mingi, mkulima wa mpunga wa upande wa Ulanga na Malinyi alilazimika kusubiri kivuko cha mto Kilombero ili magunia yake yafike Ifakara. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la mita 384 lililopewa jina la Rais John Magufuli, na foleni ya kivuko ikabaki simulizi. Udongo wa ng'ambo ile haukubadilika hata chembe siku daraja lilipofunguliwa. Je, thamani ya mashamba yake nayo ilibaki ilivyokuwa?

Wanaosema shamba ni udongo kwanza wana hoja nzito, na si hoja ya jana. Mwaka 1817 mwanauchumi Mwingereza David Ricardo alieleza kwamba kodi ya ardhi, yaani malipo ya kuikodi, hutokana na tofauti ya rutuba: shamba zuri humpa mwenyewe ziada juu ya kile kinachopatikana katika shamba baya kabisa linaloendelea kulimwa, na ziada hiyo ndiyo anayoidai mwenye ardhi. Bondeni Kilombero jambo hili halihitaji mwanauchumi. Mnunuzi anayeijua kazi haendi kuangalia shamba la mpunga wakati wa kiangazi, ardhi yote inapofanana; huenda masika, akavua viatu, akaingia ndani ya jaruba na kuona kama maji yanatulia au yanapotea chini. Hulifinyanga bonge la udongo mweusi kiganjani aone kama linashikana. Kisha humwacha dalali aendelee kusifu, akamfuata jirani na kumuuliza maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, kwa kuwa mto uleule unaoleta tope lenye rutuba ndio unaoweza kuzamisha mpunga wote kabla haujachanua.

Upande wa pili hauikatai rutuba, ila unauliza mazao yanakwenda wapi. Mjerumani Johann Heinrich von Thünen, aliyekuwa na shamba lake kubwa huko Tellow, alionyesha mwaka 1826 kwamba hata udongo ukiwa wa aina moja kila mahali, shamba lililo karibu na soko litamlipa mwenyewe zaidi, kwa sababu gharama ya kusafirisha mazao hukatwa katika mapato kabla mkulima hajaona senti. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ekari mbili, kila moja inatoa magunia 20. Ya kwanza iko kando ya barabara ya lami na gunia husafirishwa kwa shilingi 4,000. Ya pili iko ng'ambo ya mto na gunia hugharimu shilingi 10,000. Tofauti ni shilingi 120,000 kwa msimu, na mpangaji yeyote mwenye akili atataka ipunguzwe katika kodi ya lile shamba la mbali. Kwa hesabu hii daraja ni sawa na mbolea, tena mbolea ambayo mwenye shamba hakuinunua.

Kabla ya kwenda mbali, tukumbuke kwamba hata hiyo ekari yenyewe ina maneno. Vijijini kwetu hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa yadi moja, kipande hicho kinakaribia sana ekari kamili ya mita za mraba 4,047; ikiwa mita moja, kinafika 4,900, yaani zaidi ya moja ya tano ya ekari inaongezeka bure. Si ajabu mnunuzi kuja na mpimaji mwenye miguu mirefu.

Kwa maoni yangu, pande hizi mbili hubishana bila kufikia mwafaka kwa sababu zinachanganya bei mbili. Kodi ya msimu hutokana na kile shamba linachozalisha likishafikisha mazao sokoni, kwa hiyo humo rutuba na barabara zote mbili zimo. Bei ya kununua hubeba pia matarajio. Ekari inayokodishwa kwa shilingi 100,000 ikiuzwa milioni moja, mnunuzi atarudishiwa fedha zake kwa misimu 10. Ekari yenye kodi ileile ikiuzwa milioni tano kwa sababu mji unasogea, itahitaji misimu 50, na hakuna anayenunua shamba kwa nia ya kusubiri mpunga kwa misimu 50. Huyo ananunua viwanja, hata kama mkataba unaandika shamba. Kipimo hiki kina kasoro zake, nakiri. Mpangaji wa msimu mmoja haweki samadi wala hapandi miti, hivyo kodi inaweza kuwa nzuri huku udongo ukichoka. Na zipo ardhi ambazo hazipimiki hivyo kabisa: kihamba cha Mchaga, chenye migomba, kahawa na makaburi ya babu zake, hakina kodi ya msimu ya kulinganisha.

Sheria nayo imeyumba kuhusu kama ardhi yenyewe ina bei. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi iweze kumilikiwa moja kwa moja kama mali binafsi, Mwalimu Nyerere alipinga, akishikilia kwamba anachostahili mtu ni jasho aliloliweka juu ya ardhi, si ardhi yenyewe. Kwa miongo kadhaa ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei, na fidia ililenga nyumba, miti na mazao. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 ziliiacha ardhi mikononi mwa Rais kama mdhamini, lakini zikakubali kwamba haki ya kuitumia ina thamani inayopaswa kuzingatiwa, na kanuni za fidia za mwaka 2001 zikataja bei ya soko.

Naiona hatua hiyo kuwa ya haki, ila imeacha pengo. Soko la ardhi ya kijiji ni jembamba: hati ya kimila haipokelewi kirahisi benki, na mtu wa nje hupaswa kupitia halmashauri ya kijiji. Mthamini anayetafuta bei ya soko hapo hukuta mauzo machache ya majirani waliouziana kwa bei ya mpunga, wakati mwekezaji anayeisubiri ardhi hiyo ameshapiga hesabu ya lami. Mkulima anayelipwa kwa bei ya majirani zake atakapotafuta ekari nyingine ya kulima kando ya barabara hiyohiyo, ataikuta tayari inauzwa kwa ile bei nyingine.