Kumbukumbu baada ya jeraha la ubongo: irudishwe kwa mazoezi au isaidiwe kwa daftari?

Mtu aliyeumia ubongo, iwe kwa ajali, kiharusi au kukosa oksijeni, mara nyingi huisimulia harusi yake ya zamani bila kukwama, ilhali hajui kama amekwisha kumeza dawa ya asubuhi. Je, kumbukumbu yake ifanyiwe mazoezi hadi irudi, au afundishwe kuishi kwa daftari na kengele ya simu?

Wanaotetea mazoezi wana hoja isiyostahili kubezwa. Ubongo hujipanga upya, hasa miezi ya mwanzo, na mwenye upungufu mdogo hunufaika akizoezwa kuunganisha jina na taswira. Wanahofu pia kwamba daftari litamfanya mgonjwa abweteke. Naielewa hofu hiyo, hasa kwa mzazi au mwenzi anayetamani kumwona mtu wake akirudi kama alivyokuwa, ila kumbukumbu si msuli. Anayekariri orodha za maneno kwenye kompyuta huwa hodari wa orodha hizo, na miadi yake akaendelea kuisahau.

Kwa walioathirika sana, naegemea upande wa visaidizi. Barbara Wilson na wenzake nchini Uingereza waliwajaribu watu 143 kwa kifaa cha kuwakumbusha shughuli zao. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio walifanya vizuri zaidi walipokuwa nacho.

Hata hivyo, anayesahau kila kitu atakumbukaje kulifungua daftari? Henry Molaison, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuhifadhi matukio mapya baada ya upasuaji wa mwaka 1953, alizidi kuwa stadi wa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, ingawa hakukumbuka kuwahi kuichora. Mazoea ya mkono yana njia yake, na humo ndimo daftari linapaswa kupitishwa: kengele ilie, mkono ufungue ukurasa wa leo, jicho lisome, kalamu itie alama, tena na tena, bila kumwacha abahatishe. Asiyekumbuka kosa lake hawezi kulisahihisha, na jibu la kubahatisha ndilo hujikita. Kwa hiyo ndugu wanaomhimiza kwa upendo, "Hebu jaribu kukumbuka, leo siku gani?", huenda wanalipanda kosa wasilolitaka.

Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Daftari likikabidhiwa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, pamoja na maelezo ya dakika chache, kurasa zake zitabaki tupu.