Ada ya bure Ulaya na pesa ya utafiti tunayoipita

Dirisha la maombi likifunguliwa tu, ndugu na rafiki walioko nyumbani huanza kuniuliza swali lilelile: huko Ujerumani kuna skolashipu? Nami huwarudishia swali. Unatafuta kusoma bila ada, unatafuta pesa ya kula na kulala, au unatafuta pesa ya kufanyia utafiti? Nyumbani tumezoea kuyaona haya matatu kama kitu kimoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapokwamia.

Ada ndiyo rahisi kueleza. Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, kwa sehemu kubwa, havitozi ada kwa shahada ya kwanza wala kwa uzamili unaoendeleza fani uliyosomea, hata kama wewe ni mgeni. Unalipa mchango wa muhula tu. Ila jimbo la Baden-Württemberg, tangu 2017, humtoza anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na uzamili wa kuongeza ujuzi kazini mara nyingi hulipiwa popote pale. Halafu kuna viza. Kwa kiwango kilichowekwa 2024, unatakiwa uonyeshe euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, na wengi huziweka kwenye akaunti maalumu inayokuachia fungu la kila mwezi tu. Kijana asiye na mtu wa kumshika mkono hata ada haimsumbui, anakwama kwenye hiyo akaunti. Kwa hiyo anayewaambia watu kwamba Ulaya elimu ni bure kwa wote (na wapo wengi, hasa wanaouza huduma ya kujaza fomu) anasema nusu ya habari.

Nusu nyingine ni kwamba milango inazidi kufungwa. Denmark walianza kuwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi wakafuata 2011, Ufini 2017, na Norwe, iliyokuwa kimbilio la wengi, 2023. Hata hivyo bado naletewa orodha za nchi za kusoma bure ambazo Norwe imo, tena juu kabisa.

Kinachonishangaza zaidi ni pesa ya utafiti. Nyumbani, anayetaka uzamivu hutafuta mfadhili. Huku anatafuta kazi. Uswidi, Norwe na Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba, mshahara, likizo na anakatwa kodi. Hapa Ujerumani pia nafasi nyingi ni ajira, ingawa mara nyingi unalipwa nusu ya muda au theluthi mbili huku ukifanya kazi siku nzima, jambo ambalo wenyeji wenyewe hulilalamikia. Nafasi hizo hazikai kwenye kurasa za skolashipu. Zinatangazwa pamoja na nafasi za kazi za chuo, na kwenye Euraxess, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kazi za utafiti, ambayo nyumbani ni wachache sana wanaoijua. Ndiyo maana mtu mwenye alama nzuri anashindana na maelfu kugombea Chevening, skolashipu ya uzamili ya serikali ya Uingereza, anakosa, anakata tamaa, na kumbe kuna profesa aliyetangaza nafasi inayolingana kabisa na tasnifu yake ikapata waombaji wachache.

Masharti nayo yasomwe mapema. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, ambayo ni mpango wa Umoja wa Ulaya, inapokea watu wa uraia wowote, lakini usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Maana yake, aliye nyumbani ana nafasi ambayo mimi niliye hapa sina! Chevening inakutaka ukimaliza masomo urudi kwenu na ukae angalau miaka miwili. Na si lazima uje Ulaya: TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea iliyoanzishwa 1983 na yenye makao Trieste, Italia, inatoa ruzuku za utafiti kwa wanasayansi walioko nchi zinazoendelea, na jirani yake OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi hizo, imekuwa ikiwalipia wanawake uzamivu katika vyuo vya nchi hizohizo.

Je, huku hakuna upendeleo? Upo. Profesa akiwa na mwanafunzi wake anayemtaka, tangazo linaweza kuandikwa limkae yeye kama shati la fundi. Lakini tangazo lipo, lina tarehe ya mwisho na jina la mtu wa kumuuliza. Nyumbani mradi ukipata fedha, mara nyingi mtafiti msaidizi hupatikana kwa kuulizana koridoni, na aliye kampasi nyingine anasikia kazi ikiwa imekwisha. Kubandika tangazo hakuhitaji mfadhili wala bajeti, na sioni kwa nini vyuo vyetu visilifanye hili kuwa lazima kwa kila mradi.

Kuna jambo moja ambalo nyumbani tunawazidi. Mhadhiri aliyekusimamia anakujua: uliandika nini, ulikwama wapi, ulijikwamuaje. Barua yake ya mapendekezo inaweza kuwa na uzito kuliko ya profesa wa huku mwenye ukumbi wa wanafunzi mia tatu. Ila iombe mapema, umpe na tangazo lenyewe alisome, kwa sababu barua isiyotaja kazi unayoiomba huku huwekwa pembeni.