Kikohozi kisichoisha: je, umio una kesi ya kujibu?

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, Newala na Tandahimba, kukohoa si habari. Vumbi la njano linaganda kwenye kope na kwenye kanga aliyojifunga mtu puani, na koo linawasha. Habari ni yule anayeendelea kukohoa msimu ukishapita, hana TB, picha ya kifua safi, pumu haionekani. Kikizidi wiki 8 kwa mtu mzima, hicho ni kikohozi sugu. Siku hizi mtuhumiwa wa haraka ni umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni, na mgonjwa anaondoka na omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, mkononi.

Tuhuma hizo zina msingi. Umio na njia ya hewa vinahudumiwa na neva (mshipa wa fahamu) moja, vagasi, hivyo tindikali ikipanda sehemu ya chini tu ya umio, bila hata kufika kooni, inaweza kuamsha kikohozi. Kuna pia jambo lisilosemwa sana: mwendo wa umio wenyewe. Umio husukuma tonge kwa kujibana kwa mawimbi. Mawimbi yakilegea, kilichopanda kinachelewa kurudi chini. Wagonjwa wengi wa kikohozi sugu wakipimwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani hukutwa na hitilafu hiyo, na omeprazo haiigusi. Inapunguza ukali wa kinachopanda, haikizuii kupanda.

Ila kukohoa nako kunabana tumbo na kupandisha vilivyomo, kwa hiyo nani kamwanza mwenzake? Tena, kwa wasio na kiungulia, majaribio yameonyesha dawa za aina ya omeprazo hazizidi sana kidonge kisicho na dawa ndani. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa 2016 unashauri wasipewe hizo peke yake. Wapo wanaosema shida ni neva zilizokuwa nyepesi mno kuamka: kicheko tu, au harufu ya pilipili kikaangoni, mtu anaanza kukohoa.

Naona umio una kesi, ila usiwe wa kwanza kizimbani. Mama wa Masasi anayepikia kuni na kumeza enalapril ya presha aulizwe hayo kwanza, maana enalapril inajulikana kwa kikohozi kikavu (daktari ndiye aibadilishe, asiiache mwenyewe). Anayeungulia, au anayekohoa akiinama na baada ya ugali wa usiku, huyo ajaribu omeprazo na kula mapema. Miezi 3 ikipita bila nafuu, kuongeza dozi hakusaidii. Hapo ndipo rufaa ya kwenda kupimwa mwendo wa umio inapostahili nauli.