Gogo lililozikwa bado lina la kusema

Wapo wanaoshikilia kwamba gogo la msonobari lililolala kinamasini maelfu ya miaka halimfai tena mkemia: harufu imekwenda, na kilichobaki kimegeuka. Kuhusu harufu, hawana makosa. Pinini, ule mvuke unaokupiga puani ukipasua kuni ya msonobari, ina atomi 10 tu za kaboni na huruka mapema. Ubishi wangu nao ni juu ya kilichobaki.

Mwaka 1841 zilielezwa chembe nyeupe zilizokutwa ndani ya nyufa za misonobari iliyozikwa kinamasini, huko Fichtelgebirge, Ujerumani. Zikaitwa fiktelaiti. Basi, wanasema, mti si ule tena. Lakini tuhesabu. Asidi ya abietiki, sehemu kubwa ya ulimbo mkavu ambao wapiga fidla huupaka kwenye upinde, ina kaboni 20. Fiktelaiti ina 19. Kaboni moja imetoka pamoja na oksijeni yake, ikawa hewa ukaa. Zile pete tatu zilizoundwa na kaboni zipo palepale, na kile kitawi cha kaboni 3 pembeni hakikung'oka. Ukimkuta jirani kavua kofia, utasema humjui?

Tena kule kubadilika kwenyewe ni habari. Asidi hii ikiachwa hewani hudaka oksijeni upesi. Kwenye fiktelaiti imeongezewa haidrojeni. Kumbe tope lilikuwa limeziba hewa kabisa. Ulimbo mbichi usingekuambia hilo.

Wachuuzi wa sandarusi, ulimbo wa mtandarusi, huko Unguja waliielewa hoja hii kwa bei. Chakazi, ulimbo mbichi wa mtandarusi, ilinunuliwa rahisi. Iliyochimbwa ardhini ikiwa ngumu ndiyo iliyotafutwa na watengeneza vanishi. (Mtandarusi si wa jamii ya misonobari, uko upande wa kunde, ila kanuni ni ileile: chepesi huruka, kizito hushikana.)

Wapinzani wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Reteni, kemikali nyingine yenye kaboni 18, nayo hutokana na asidi hiyohiyo, lakini hupatikana pia katika moshi wa misonobari inayoungua. Ukiikuta kwenye udongo, huenda unasoma moto wa msitu wa mbali, wala si gogo lililooza hapo. Pia umbo hilo la pete tatu ni la ukoo mpana: misonobari inalo, mitarakwa inalo. Ferujinoli, kemikali ya ukoo huohuo, husaidia kutenga, maana jamii za mitarakwa na mipodo hutengeneza, misonobari haitengenezi. Lakini jina kamili la mti hulipati bila kukata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini.

Hata hivyo, moshi unaisumbua reteni ya udongoni zaidi kuliko fiktelaiti. Chembe iliyokua ndani ya ufa wa gogo, imeshikamana na nyuzi za mbao, haikuletwa na upepo.