Waya Umeingia, Picha Haijaingia

Jamani, acheni nitoe la moyoni kabla sijapasuka. Sebuleni kwangu kuna televisheni ya inchi 43, imetundikwa ukutani, nyeusi ti, haina kazi haina wasiwasi. Mbele yake, juu ya stuli, kuna laptopu ya inchi 14, na watu saba wameiganda kama siafu, kila mmoja anatazama kwa jicho moja kwa sababu la pili limezibwa na kisogo cha mwenzake. Wanaangalia video za familia nilizorekodi mimi mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe. Na mimi, baba mwenye nyumba, nimesukumwa pembeni kabisa. Skrini ile ukiitazama kwa upande rangi zinageuka, kwa hiyo ukoo wangu wote nauona una nyuso za kijivu na meno meusi.

Nikatangaza, kwa sauti ile ya kusikika mpaka chumba cha mwisho: "Kesho nanunua waya. Haya mambo yanahamia ukutani."

Waya. Nililitamka kirahisi hivyo, kama mtu anayesema ananunua kiberiti.

Muuzaji alikuwa kijana mpole. "Waya gani, mzee?" Wa kuunganisha laptopu na televisheni, nikamwambia. "Sawa, laptopu yako ina tundu gani?" Nikanyamaza. Akaanza kunisaidia: "HDMI? VGA? DisplayPort? Mini DisplayPort? USB-C?" Nikamjibu, "Ni nyeusi." Akauliza na urefu. Nikasema wa kawaida tu, maana mtu mzima na akili zake anaulizwaje urefu wa waya? Akanishauri nikaangalie matundu kwanza, na mimi kwa kiburi changu nikaona ananifukuza.

Basi nikarudi. Nikabandika shavu ukutani, simu nimeibana kwa meno ili tochi imulike nyuma ya televisheni. Kule nyuma ni mzinga wa nyuki. Lakini katikati ya matundu hayo nikaona moja pana, lina vishimo 15 vimejipanga mistari mitatu, na laptopu nayo ina mwenzake. Roho ikatulia.

Nikakimbilia boksi langu la nyaya. Usiniambie wewe huna. Langu lina chaja za simu zilizokwisha kufa, waya wa printa ambayo hatujawahi kuwa nayo, na zile nyaya za vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu, za enzi za deki. Kila mwaka mke wangu anataka kulitupa, kila mwaka nalikumbatia. Siku hiyo likanilipa fadhila: chini kabisa palikuwa na waya wa VGA, kichwa cha bluu, skrubu mbili pembeni. Niliupitisha mbele ya mke wangu mara mbili bila sababu.

VGA ni mzee mwenzangu. IBM walianza nayo mwaka 1987, na mpaka leo ukiichomeka unakaza skrubu kama unafunga tairi. Nikakaza. Picha ikatokea! Vifijo, vigelegele, mimi nimeshika kiuno. Kisha binti yangu mdogo akauliza, "Baba, mbona hawasemi?"

Kweli bwana. Midomo inacheza, sauti hakuna. Kumbe VGA inabeba picha peke yake, sauti haiihusu, uitafutie waya wake mwingine. Sauti ikabaki kwenye laptopu, ambayo spika zake zina nguvu ya mbu mwenye mafua. Halafu picha yenyewe! VGA inasafirisha mawimbi ya analojia, na waya ukiwa mbovu picha inachoka njiani. Huo wangu umelala boksini miaka nenda rudi, kwa hiyo kila mtu alitokea na kivuli chake ubavuni. Shangazi yangu mmoja akawa wawili, na mmoja tu ametushinda.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Shemeji huyu, kaka wa mke wangu, tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Akaangalia, akacheka kwa pua. "Shemeji, achana na mambo ya kale. HDMI! Picha na sauti, waya mmoja." Na kwa hilo, haki ya Mungu, hakudanganya. HDMI ilitangazwa mwaka 2002 na inabeba vyote viwili. Televisheni yangu ilikuwa na matundu yake matatu. Kwenye laptopu shemeji akagusa tundu bapa na kidole: "Hili hapa."

Nikanunua. Upande wa televisheni ukaingia vizuri kabisa. Upande wa laptopu ukagoma. Nikageuza juu chini, ukagoma. Shemeji akasema, "Sukuma kiume." Nikasukuma kiume. Laptopu ikalia kelele ambayo sitaki kuisikia tena maishani.

Binti yangu ndiye aliyekuja na tochi. "Baba, hii ina kona moja iliyokatwa. Waya wako una kona mbili." Lile tundu halikuwa HDMI. Lilikuwa DisplayPort.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo presha inapopanda. Dunia ilikuwa tayari na tundu bapa lenye pini 19, linafanya kazi, watu wanaishi. Mwaka 2006 wengine wakaja na tundu bapa la ukubwa ule ule, pini 20. Moja! Wameongeza pini moja na kurudisha kona moja, ili mimi, baba wa watu, nisukume kiume. Wajuzi wanasema lilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta na skrini zake, na HDMI kwa ajili ya televisheni. Sawa. Lakini wasingeweza kulifanya la mviringo? La pembe tatu? Lenye umbo la samaki?

Nikarudi kwa kijana mpole, safari hii nimesoma. Nikataka waya wenye DisplayPort huku na HDMI kule. Nikauona unaning'inia, vichwa vyote viwili ninavyovihitaji, nikauchukua kabla hajafungua mdomo. Ulikuwa hata na kamkia ka USB kametokea ubavuni. Nikaona hiyo ni nyongeza.

Nyumbani, upande wa kwanza ukaingia. Upande wa pili ukaingia. Familia ikakaa. Televisheni ikaandika: "Hakuna ishara."

Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Hakuna ishara. Nikazima kila kitu, nikawasha. Hakuna ishara. Shemeji akasema labda ni umeme mdogo. Kumbe nyaya hizi zina mwelekeo, kama barabara ya njia moja! Ule ulikuwa wa kutoa picha kwenye kompyuta yenye HDMI kuipeleka kwenye skrini yenye DisplayPort. Mimi nilikuwa nimeuvaa kinyume, kama suruali. Na kale kamkia kalikuwa ka kuvutia umeme, maana kugeuza HDMI kuwa DisplayPort ni kazi inayotaka nguvu. Kutoka DisplayPort kwenda HDMI ndiko rahisi: laptopu nyingi zinajua zenyewe kutoa ishara ya HDMI kupitia tundu hilo, na pembeni yake unakuta alama ya D na P na vijumlisho viwili. Yangu inazo. Zimeandikwa kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa.

Kwa hiyo unaweza kuwa na kichwa sahihi huku, kichwa sahihi kule, na ukawa umenunua kamba ya kuanikia nguo.

Shemeji hakukata tamaa. Akaleta laptopu yake mpya, nyembamba kama barua, haina tundu lolote isipokuwa USB-C mbili. "Hii ndiyo dunia ya sasa," akasema. Akatoa na waya wake, USB-C kwenda HDMI. Nikiri kosa langu: kichwa cha USB-C nilikipenda. Kina pini 24 na huna haja ya kukigeuza, maana hakina juu wala chini, kinaingia vyovyote. Kikaingia. Televisheni ikasema nini?

Hakuna ishara.

Maana USB-C ni jina la umbo tu. Umbo hilo lilikuja mwaka 2014, na kila mtengenezaji anaamua mwenyewe nini kipite humo. Tundu moja linachaji na kubeba picha, tundu lingine lenye sura ile ile linachaji na kuhamisha mafaili, basi. Pacha wawili, mmoja daktari, mwingine anapiga miayo. Tulilochomeka lilikuwa la miayo. Tukahamia la pili, nalo likapiga miayo. Kwa mara ya kwanza nikamwona shemeji anatafuta funguo zake ili aondoke.

Safari ya tatu nilimkuta muuzaji mwingine, huyu hana upole. Akanionyesha waya mnene, vichwa vinang'aa dhahabu, mita 10. "Huu mzee rangi zinatoka hai." Kijana, nikamwambia, mimi siku hizi si yule uliyesikia habari zake. Hizi ni ishara za kidijitali, ni sifuri na moja. Zikifika, zimefika. Zisipofika utaona vimulimuli, au skrini inazima na kuwaka, lakini uso wa mtu haupendezi zaidi eti kwa sababu moja yake imepita kwenye dhahabu. Dhahabu inazuia kutu, na sebuleni kwangu hakuna bahari. Akanionyesha mwingine wa gigabiti 48 kwa sekunde, wa picha za 8K, zile kali kupita kiasi. Televisheni yangu ni ya pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080, na video zenyewe nimezipiga mkono ukitetemeka. Hata ukinipa bomba la maji ya mji mzima, mimi ndoo yangu ni moja.

Nikachukua waya mwembamba, mweusi, wa bei ya chini kabisa. DisplayPort kwenda HDMI. Nilimsomesha maandishi ya mfuko mara mbili kwa sauti, na mshale unaonyesha safari inaanzia wapi. Nikatoka nimeinua kidevu.

Nikachomeka. Ka! Kichwa cha DisplayPort kikajifunga chenyewe, kina vijino viwili vinavyong'ata. Nikachagua HDMI 2 kwenye rimoti, maana HDMI 1 ndiyo niliyokuwa naibonyeza wakati waya uko kwenye 2, lakini hayo tuyaache. Ukutani ikatokea milima mizuri yenye theluji. Familia ikapiga makofi. Tukaitazama milima ile kama dakika nne, tunasubiri video ianze.

Binti yangu akasema kwa upole, "Baba, umepanua skrini, ukutani ni mwendelezo wa laptopu tu. Unatakiwa unakili, zionyeshe kitu kimoja." Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua, na video ikapanda ukutani. Akaingia kwenye mipangilio akahamisha na sauti. Shangazi mmoja, ana sauti, ana meno meupe. Nikageuka taratibu nikae kwenye kiti changu cha kati nifaidi jasho langu.

Laptopu ikanifuata. Yaani ilitaka kunifuata, ikabaki inaning'inia mkononi mwangu, waya umekaza kama uzi wa gitaa, na vile vijino havitaki kuachia. Nikaangalia mfuko. Mita 1.

Kiti changu kiko mita tatu na nusu kutoka ukutani. Stuli haifiki. Meza haifiki. Kwa hiyo hivi ninavyoongea nimesimama chini ya televisheni, laptopu nimeipakata kifuani kama mtoto mchanga, watu saba wamekaa wameegemea mito.

"Baba, rudisha nyuma kidogo."

Narudisha.

"Baba, ongeza sauti."

Naongeza.

"Shemeji," anasema yule bwana, amekaa kwenye kiti changu cha kati, "inama kidogo, unatuziba."