Kukisia yaliyopita kwa Kiingereza: anza na ushahidi

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliyekuwa akihudumu kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 9 ufukweni. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara Mashariki ya Mbali. Tano zilikuwa za shaba na zilitengenezwa Kilwa, hapa kwetu. Kutoka Kilwa hadi visiwa hivyo ni takriban kilomita 10,000 za bahari, na hadi leo hakuna aliyethibitisha zilifikaje huko.

Naleta habari hii kwa sababu vitabu vingi vya Kiingereza hufundisha kukisia yaliyopita kwa mfano wa barabara iliyolowa: imelowa, basi mvua ilinyesha. Mwanafunzi hana cha kufikiri hapo. Anakariri tu. Sarafu za Kilwa zinamlazimisha apime: nini hakina shaka, nini kinawezekana, nini hakiwezekani kabisa. Soma sentensi hizi:

"The coins must have come by boat."
"Portuguese sailors may have carried them."
"Fishermen from Makassar might have brought them."
"They can't have floated there."

Shaba haielei, kwa hiyo "can't have". Pale ni kisiwani, na sarafu hazisafiri zenyewe, kwa hiyo "must have". Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505 na mwaka 1511 wakaiteka Malacca, bandari iliyo Malaysia ya leo. Njia ya kuelekea huko ilikuwepo, lakini hakuna aliyewaona wakishuka na sarafu hizo, kwa hiyo "may have". Wavuvi wa Makassar, bandari ya Indonesia, nao walizoea kuvua jongoo bahari kwenye pwani hiyo ya Australia, kwa hiyo "might have". Kila mara ushahidi ulitangulia, kitenzi kikafuata. Ndivyo ninavyoona somo hili linapaswa kufundishwa, na sioni kwa nini tuendelee kulifundisha kinyume.

Tunakwama mapema zaidi ya hapo. Shuleni "must" huingia kama lazima, "may" kama ruhusa, "can" kama uwezo. Maana hizo zikishakaa kichwani miaka 3 au 4, mwanafunzi akikutana na "The driver must have stopped here" anaelewa kwamba dereva alilazimika kusimama hapa. Sivyo. Kulazimika kwa wakati uliopita ni "had to": "The driver had to stop here". Sentensi ya kwanza haisemi lolote kuhusu amri. Inasema kwamba aliyeandika ameona alama, labda matone ya oili au alama za tairi, akahitimisha. Mtu akiisoma vibaya kwenye ripoti ya ajali, ameielewa ripoti nzima kinyume.

Na dawa tunayo mdomoni. Tunasema kila siku "dereva atakuwa alisimama hapa", "mama atakuwa amesahau simu", "watakuwa wamelala". Hiyo "ta" haihusu kesho. Ni hitimisho juu ya jambo lililokwishatokea, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayehitaji kufundishwa kulitumia. Mwalimu aanzie hapo: "atakuwa amesahau" ni "she must have forgotten". "Huenda alisahau" ni "she may have forgotten". "Haiwezekani awe amesahau" ni "she can't have forgotten". Kiingereza nacho kinaruhusu "she will have forgotten" kwa maana ya kukisia, ila mwanafunzi mgeni asianze nayo, maana ataichanganya na wakati ujao.

Muundo una sehemu tatu, na kila sehemu ina kosa lake. Kitenzi kisaidizi cha mwanzo hakibadiliki kamwe. Kinachofuata ni "have", si "has" wala "had", hata kama mtenda ni mmoja: "she may have", si "she may has". Cha mwisho ni umbo la tatu la kitenzi, na hapa ndipo kosa hujificha. Anayeandika "must have finished" anaweza kupata kwa bahati tu, kwa sababu "finished" ni lile lile katika umbo la pili na la tatu. Mpe "go", "take", "write", "break", "eat" na "forget", na utaona mara moja kama ameelewa au anabahatisha: "must have gone", si "must have went"; "may have taken", si "may have took". Zoezi lisilo na vitenzi vya aina hii halipimi kitu.

Kauli ya kutendwa inahitaji uangalifu wa pekee. "Simu itakuwa imeibiwa" ni "The phone must have been stolen". Wengi huruka "been", wakabaki na "The phone must have stolen", yaani simu ndiyo iliyoiba. Chanzo chake kinaeleweka: Kiswahili hubeba kutendwa kwa "w" moja ndani ya kitenzi, na Kiingereza hudai neno zima lisimame peke yake.

Upande wa kukanusha ndio unaoleta madhara makubwa zaidi, na ndio unaopewa muda mdogo zaidi darasani. Linganisha "She might not have seen the message" na "She couldn't have seen the message". Ya kwanza: huenda hakuuona ujumbe. Ya pili: haiwezekani kabisa kwamba aliuona, pengine kwa sababu simu yake ilikuwa imezima. Mfanyakazi anayejieleza kwa mwajiri, au shahidi anayeandika maelezo, akichagua ya pili bila ushahidi, amedai jambo asiloweza kulithibitisha. Jambo lingine: kinyume cha "must have" katika Kiingereza cha Uingereza ni "can't have". Wamarekani husema "He must not have heard us", na kwao ni sahihi. Anayejiandaa kwa mtihani wetu abaki na "can't have".

"Could have" ina sura mbili. "He could have taken the key" ni huenda aliuchukua ufunguo, au angeweza kuuchukua lakini hakuuchukua. Katika mazungumzo muktadha huamua. Katika maandishi ambayo mtu anaweza kushutumiwa kwayo, andika "may have taken" kwa maana ya kwanza, usimwachie msomaji achague.

Kuna chati zinazogawa asilimia: "must" 95, "may" 50, "might" 30. Sizikubali. Hakuna mzungumzaji anayepiga hesabu hiyo, na kati ya "may have" na "might have" tofauti ya uhakika ni ndogo mno, mara nyingi haipo. Tofauti inayofaa kushikwa ni hii: mtu akiwa amekwisha okolewa baharini, sema "He might have drowned", yaani nusura azame. Kama bado anatafutwa, "He may have drowned". Wenyewe Waingereza huzichanganya hata magazetini, lakini anayezitenganisha huwa wazi zaidi.

"Should have" niipite haraka: "The bus should have arrived by now" ni matarajio, kwa hesabu ya muda litakuwa limefika, "You should have called" ni lawama.

Masikio nayo yafunzwe. Katika mazungumzo ya kawaida "have" haitamkwi nzima. Utasikia "mastav", "kudav", "maitav", na wengine humezea hapo hapo: "masta", "kuda". Anayesubiri kusikia "have" kamili hataisikia, ataelewa "must go" badala ya "must have gone". Wazawa wa lugha wenyewe hudanganywa na sauti hiyo wakaandika "must of". Msiige.

Zoezi ninalolipendekeza halihitaji kitabu. Chora safu mbili: alichokiona mtu, na sentensi. Jikoni kuna sufuria ya uji, bado inatoa mvuke, mlango uko wazi, hakuna mtu. "She can't have gone far." "She must have just left." Kisha badilisha ushahidi mmoja tu: uji umepoa na umefanya utando juu. "She must have left some time ago." Badilisha tena: viatu vyake viko mlangoni. "She may have gone to the neighbour's barefoot", au "She can't have gone to work". Wanafunzi wabishane. Anayesema "must have" aonyeshe kwa kidole alichokiona, na asipokuwa nacho ashuke hadi "may have".