Ulinzi shirikishi: mwananchi akishatoa taarifa, kisha nini?

Kila wimbi la uhalifu likipita mijini kwetu, agizo huwa ni lile lile: ulinzi shirikishi, yaani wananchi kulinda mitaa yao kwa kushirikiana na polisi, uimarishwe. Ilikuwa hivyo Januari 2015, Dar es Salaam ilipotaharuki kwa vijana wa mapanga walioitwa Panya Road. Ikawa hivyo tena 2022, makundi ya aina hiyo yalipoanza kuvamia nyumba za watu usiku. Wenyeviti wa mitaa wanaitwa, vijana wa doria wanaorodheshwa, filimbi na tochi zinanunuliwa. Hofu ikipungua, na doria nazo zinapungua.

Mimi ni muumini wa ulinzi shirikishi, na kwa sababu hiyo naona tuuzungumze kwa ukweli. Kwa muda mrefu tumemhimiza mwananchi atimize wajibu wake, lakini hatujauliza kwa ukali uleule anapata nini kwa upande wa pili.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Askari aliyehamishiwa kituoni mwezi uliopita hawezi kumjua mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, ila mama ntilie wa kona anamjua, na bodaboda wa kijiweni anajua aliingia saa ngapi na kabeba nini. Ndiyo maana kuanzia 2006, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, jeshi hilo lilihubiri Polisi Jamii, yaani polisi na wananchi kuzuia uhalifu pamoja, na baadaye likapeleka wakaguzi wake hadi ngazi ya kata. Madawati ya Jinsia na Watoto yamefungua mlango kwa mashauri ambayo zamani yaliishia sebuleni kwa vikao vya ukoo. Mwalimu aliyeelimishwa kutambua dalili za mtoto anayefanyiwa ukatili, na anayejua kwamba namba 116 ni ya kusaidia watoto, anaokoa mtoto ambaye doria ya usiku isingemfikia kamwe.

Kuna makosa ambayo kinga yake kubwa ni elimu. Chukua wale matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Hawavunji mlango wala hawashiki panga. Wanategemea tu kwamba kati ya watu wengi waliopokea ujumbe ule, yupo aliyekuwa anajiandaa kutuma kodi ya nyumba. Ukimfundisha mzee ampigie kwanza mwenye nyumba kwa namba anayoijua, aitume namba ya tapeli yule kwenda 15040, na apige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, umemkinga kwa dakika tano. Kwa kosa la aina hii, mkutano wa mtaa una faida kuliko difenda tatu.

Lakini ulinzi huu una hatari zake pia, na zina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulishamiri Usukumani na Unyamwezini. Wanavijiji wakajiundia sungusungu, wakatoka na pinde na mishale, na wizi ukapungua kweli. Serikali iliwaunga mkono, na 1989 sheria ikawatambua. Ila mikono iliyowashika wezi iliwashika pia vikongwe waliodhaniwa wachawi, na watu waliadhibiwa bila kupelekwa mahakamani. Jirani zetu Kenya wameyaona hayo Kisii, ambako kundi lenye jina hilo hilo liligeuka kuwa tishio kwa watu liliodai kuwalinda.

Hatari hiyo haijaisha. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda makosa fulani mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kukawia. Ni vijana wangapi wa doria wamewahi kusomewa maneno hayo kabla ya kupewa kirungu? Kijana asiyejua mpaka wa mamlaka yake anaanza na kijana mwenziwe aliyekaa maskani usiku, kosa lake ni kukosa kazi. Na ikipigwa kelele ya "mwizi!", hakuna atakayesikiliza maelezo ya mtu aliyekwisha kumwagiwa petroli. Kwangu, elimu ya kuzuia uhalifu isiyogusa kujichukulia sheria mkononi imeacha uhalifu mmoja mkubwa nje ya darasa.

Suala la pesa nitaligusa kwa ufupi: kaya inayochangia ulinzi kila mwezi ina haki ya kusomewa mapato na matumizi, na kijana anayekesha anastahili posho inayojulikana. Asipolipwa, atajilipa kwa wapita njia.

Linalonisumbua zaidi ni taarifa. Katika mkutano mmoja wa mtaa, mkaguzi wa kata aliongea vizuri, akaacha namba yake ya simu kwa kila mtu. Mama mmoja akasimama na kuuliza: "Afande, nikikupigia leo, kesho huyo mtu atajua ni mimi?" Akajibiwa kwamba asiwe na wasiwasi, mkutano ukaendelea. Lile ndilo lilikuwa swali la siku, na lilistahili jibu refu kuliko hotuba yote. Tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini mwananchi wa kawaida hajawahi kuisikia mkutanoni. Anachokijua ni kwamba mtuhumiwa alikamatwa Jumatatu, Alhamisi yuko mtaani, na hakuna aliyemweleza kama ni dhamana, ushahidi haukutosha, au kuna kilichotembea.

Tena taarifa inapita kwa nani? Balozi wa nyumba kumi ni mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, na hadi leo balozi ni kiongozi wa shina la CCM. Anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini mkazi wa chama kingine atasita kumpelekea siri inayohusu usalama wake. Njia ya kwenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa kata, isiyopita kwa mwanasiasa yeyote, inahitajika.

Kwa hiyo ningeanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti. Mkaguzi wa kata akija mkutanoni, kabla ya kuomba ushirikiano mpya, atoe mrejesho wa ule wa zamani: tangu tulipokutana zimeingia taarifa kadhaa, hizi zimefika mahakamani, hizi zimekwama na sababu yake ni hii, hii ilikuwa majungu. Asitaje jina la aliyezileta. Mwenyekiti asome hesabu za mchango. Kisha ndipo watu waulizwe nani yuko tayari kujiandikisha doria.